Ugonjwa wa Sukari na Mbegu za Mwanamume

Kaeni vizuri, mfungue madaftari. Mwalimu wenu atawaandikia maneno mapya ubaoni.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wazee hulisema kwa sauti ya chini, yaani mwanamume asiyepata mtoto. Katika nchi yetu hii ya Katavi watu hupenda watoto wengi. Nyumba isipopata mtoto, majirani huanza kuhesabu miezi, na kidole cha kwanza huelekezwa kwa mke. Mke hupelekwa kwa mganga, hunyweshwa mizizi, pengine hurudishwa kwao. Mume haulizwi neno. Lakini madaktari wamekwisha kuona ya kuwa katika karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto, sababu imo kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Na moja katika sababu hizo ni ugonjwa wa sukari, ambao wengi huuita kisukari.

Ugonjwa huu ni wa zamani sana. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliona sisimizi wakiukimbilia mkojo wa wagonjwa fulani, wakauita mkojo wa asali. Baadaye alikuwako tabibu mkubwa, jina lake Ibn Sina, aliyeishi tangu mwaka 980 mpaka mwaka 1037. Katika kitabu chake cha utabibu alieleza ya kuwa wenye ugonjwa huu hushikwa na hamu ya chakula iliyopita kiasi, na nguvu zao za kiume hupotea. Basi mtu asiwaambie kwamba hayo ni maneno mapya ya hospitali. Yaliandikwa kiasi cha miaka 1000 iliyopita.

Hata hivyo hakuna aliyejua ugonjwa unatoka wapi. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, madaktari wawili, von Mering na Minkowski, walimpasua mbwa wakamtoa kongosho. Mwalimu, andika ubaoni: KO-NGO-SHO. Ni kile kinofu kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Wachinjaji wa ng'ombe wanakifahamu. Yule mbwa akaanza kukojoa ovyo, na mkojo wake ulipopimwa ukakutwa umejaa sukari. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa kongosho hutunza sukari ya mwili.

Mwaka huo huo wa 1889, Adrian Atiman alifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Wazee wa Karema hawahitaji kuelezwa habari zake, lakini vijana wasikilize. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa na wafanya biashara ya watumwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari huko Malta. Alitibu watu Karema mpaka alipokufa mwaka 1956, karibu miaka 67. Siku zile maradhi yaliyotisha nchi hii yalikuwa ndui, homa na malale. Ugonjwa wa sukari haukuwa katika mazungumzo ya watu.

Na kijana wa zamani aliyeshikwa na ugonjwa wa sukari hakuishi muda wa kutosha kuoa. Alikonda, akafa. Mambo yaligeuka mwaka 1921, ambapo Banting na Best wa Toronto, nchi ya Kanada, walipata dawa ya insulini kutoka katika kongosho za wanyama. Januari mwaka 1922 kijana wa kwanza alichomwa sindano yake, akapata nafuu. Tangu hapo vijana wenye kisukari waliishi, wakakua, wakaoa. Ndipo swali jipya likazuka: mbona wengine hawapati watoto?

Jibu lilipatikana polepole, tena mahali ambapo watu hawakulitazamia. Mwaka 1943 mtaalamu mmoja wa New York, John MacLeod, alikuwa akichungua mbegu za mwanamume katika chombo cha kukuzia vitu vidogo. Alipozitia katika hewa yenye oksijeni nyingi, zikalegea, zikaacha kuogelea. Alipotia dawa inayovunja sumu itokanayo na oksijeni, hazikudhurika. Mnashangaa? Oksijeni ndiyo hewa tunayovuta tuishi! Lakini tazameni jembe lililoachwa nje wakati wa masika. Hewa na maji hulila, likashika kutu. Mwilini pia mna kitu kama kutu. Mwili huchoma chakula ili upate nguvu, na katika kuchoma huko hutoka cheche kali za oksijeni. Mtu mzima wa afya ana vizima-moto vyake. Cheche zikizidi vizima-moto, mwili huanza kuliwa. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kijerumani, Helmut Sies, aliipa hali hiyo jina lake la kitaalamu. Sisi tutaiita kutu ya mwili.

Sasa unganisheni mambo hayo mawili. Sukari ikizidi katika damu, uchomaji huharibika na cheche huongezeka. Na mbegu ya mwanamume ni kitu dhaifu mno. Ngozi yake ni ya mafuta, na mafuta huchacha upesi. Ndani yake hamna nafasi ya kuweka vizima-moto vingi. Kwa hiyo mkia hulegea, na ule uzi wa urithi uliomo kichwani hukatika. Mwaka 2007 wataalamu wa Belfast waliwapima wanaume 27 wenye kisukari na 29 wasio nacho. Kwa kutazama tu, mbegu zao zilikuwa sawa kwa wingi na kwa mwendo. Lakini nyuzi zilizokatika zilikuwa kama 53 katika 100 kwa wagonjwa, na kama 32 katika 100 kwa wenzao. Zaidi ya hayo, sukari hudhuru mishipa, hata mume akashindwa kazi ya ndoa, au manii yakarudi nyuma katika kibofu badala ya kutoka.

Je, haya yanatuhusu huku? Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Mukwamba (na risasi yenyewe, ikiingia mwilini, hudhuru mbegu za kiume). Miaka ikapita, maisha yakabadilika. Mwaka 1989 Dakta McLarty na wenzake walitangaza kuwa katika vijiji 6 vya Tanzania walivyopima, hakufika mtu mmoja katika 100 mwenye kisukari. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika 100, wa miaka 25 mpaka 64. Vipimo havikuwa sawa kabisa, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Na ninyi mnaolima tumbaku, jueni kwamba moshi wake huongeza ile kutu.

Sokoni mtauziwa unga na vidonge vya kuondoa kutu hiyo. Mimi nisingetoa fedha yangu. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kuwa vidonge vya namna hiyo havikuzitengeneza mbegu. Wengine huacha dawa za sukari wakidhani ndizo zinazowaondolea nguvu. Hilo ni kosa la hatari. Sukari ndiyo inayozila nguvu hizo. Na wanaume wengi wenye kisukari wamezaa, na wanazaa.

Mbegu mpya huchukua siku 74 hivi kutengenezwa. Basi mume aliyeanza leo kuituliza sukari yake asipimwe mbegu juma lijalo; angoje miezi mitatu. Akienda hospitali aende pamoja na mkewe, wapimwe wote wawili, yeye damu na mbegu.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni maneno haya: kongosho, insulini, kutu, mbegu, siku 74. Mume na mke walio darasa moja wanaweza kutumia daftari moja.