Nywele Zimekufa, Kichwa Kiko Hai: Historia ya "Vumilia Kidogo"

Wadau, kama umewahi kuweka dawa ya nywele, unaijua ile dakika. Kichwa kinaanza kuwaka, unamwambia msusi, "Dada, inauma," naye hata hakuangalii: "Vumilia kidogo, zishike." Mimi nilivumilia. Nikarudi nyumbani na nywele laini kama hariri, na kidonda nyuma ya sikio.

Sasa hebu jiulize, kilichokuwa kinauma ni nini? Maana nywele zenyewe haziumi. Zikate, zipitishe pasi, zipake rangi, kimya. Unywele ukishatoka nje ya ngozi umekufa, ni protini tu inayoitwa keratini, sawa na kucha. Hauna damu wala mishipa ya fahamu. Kilicho hai ni mzizi, ndani ya ngozi. Kule seli mpya zinazaliwa, zinazisukuma za zamani juu, nazo zinafia njiani. Kwa mwezi unapata kama sentimita moja. Hata ngozi iko hivyo: ya juu kabisa imekufa, ndiyo ile unayoisugua kwa jiwe ukitoa gaga. Ila kichwani tabaka hilo ni jembamba mno.

Na kiukweli biashara nzima ya nywele imejengwa juu ya hicho kifo. Shida ni jirani aliye hai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mjerumani mmoja, Karl Nessler, alitaka kukunja nywele zisikunjuke hata zikioshwa. Akazizungushia vyuma, akazipaka kemikali, akavipasha vyuma moto. Vilikuwa vizito kiasi kwamba ilibidi vining'inizwe kutoka juu, kama taa ya ukumbini, visimuelemee mteja. Na unadhani alimjaribia nani? Mke wake. Majaribio mawili ya kwanza yaliziteketeza nywele za mama wa watu na kumbabua kichwa. Mume akaja kutajirika London na Marekani. Mke anatajwa kwa mstari mmoja, basi.

Na wanaume msicheke. Marekani, kuanzia miaka ya 1920 hadi 1960, vijana weusi walinyoosha nywele kwa mtindo ulioitwa conk. Malcolm X ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1965, jinsi alivyopakwa mchanganyiko wa viazi, mayai na kostiki. Ndiyo, kostiki hiyohiyo ya kutengenezea sabuni. Aliungua balaa, na baadaye akajuta.

Dawa nyingi kali za saluni bado zina kostiki. Inavunja viunganishi vya keratini, nywele zinalegea, zinanyooka. Lakini kostiki haina macho, haijui hapa pamekufa na pale pako hai. Ndiyo maana unapakwa mafuta ya mgando pembeni kwanza, na ndiyo maana "jana nilijikuna" ni taarifa ya kumpa msusi kabla hajafungua kopo. Nywele zikiungua, utazikata, zitaota nyingine. Ukiungua hadi kwenye mzizi pakaweka kovu, hapo hapaoti tena, na hakuna mafuta ya "kulisha nywele" yatakayopafufua. Utalishaje maiti, jamani?

Kile kipara changu nyuma ya sikio kina miaka minne sasa. Nikibana nywele juu kinaonekana, kwa hiyo sibani.