Tembo wa Ruaha na Siri ya Kansa: Watu Waliona Meno, Wakaacha Hazina

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Ruaha, unapita Kalenga, na jirani yake ndiyo Tosamaganga yenye misheni kongwe, shule na hospitali. Kaza mwendo, kilomita zaidi ya 100 mbele unaingia kwa wenye mji wao: tembo. Watu wengi wanawajua kwa mambo mawili tu, kuvamia mashamba na meno yao kuuzwa kwa bei mbaya. Kumbe kuna la tatu, na hilo ndilo zito.

Stori inaanza miaka ya 1970. Mtaalamu mmoja wa takwimu Mwingereza alijiuliza: kansa huanza pale seli moja inapoharibika na kugoma kufa. Basi mnyama mwenye seli nyingi angepaswa kuugua zaidi, si ndiyo? Sasa mbona tembo, na mwili wote ule, haishi kwisha kwa kansa? Jibu lilikosekana miaka na miaka.

Mwaka 1979, watafiti wa London, Princeton na New York, kila mmoja kivyake, wakakutana na protini moja ndani ya seli. Ikaitwa p53. Kwa kuwa ilijaa kwenye seli za kansa, ikapewa kesi: hii ndiyo inayoleta ugonjwa. Ikabeba lawama hizo miaka 10. Mwaka 1989 ukweli ukatoka. Zile zilizokuwa zinapimwa maabara zilikuwa p53 mbovu, zilizokwisha kuharibika. Nzima yenyewe ni mlinzi! Ni kama kumkamata askari kwa sababu kila penye wizi anaonekana yeye.

Anafanyaje kazi? Ndani ya seli moja ya binadamu kuna DNA ya urefu wa kama mita 2. Imezungushwa juu ya protini nyingine kama uzi wa fundi cherehani, na mzigo huo wote unaitwa kromatini. DNA ikikatika kwa mionzi au sumu, p53 inaingia humo, inashika sehemu maalumu na kuwasha maagizo. Agizo la kwanza: simama, rekebisha. Ikishindikana, la pili: jiue. Seli inakufa kimyakimya, mwili unapona. Takribani nusu ya kansa za binadamu zina p53 iliyoharibika. Ndiyo maana zipo kansa zinazopigwa mionzi na bado zinakaidi: DNA inaumia, ila wa kutoa amri ya kufa hayupo.

Sasa rudi kwa tembo. Oktoba 2015, timu iliyoongozwa na daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, ilitoa majibu yake kwenye jarida la JAMA. Binadamu ana nakala 2 za jini la p53, moja ya baba, moja ya mama. Tembo anazo kama 40, ingawa nyingi ni fupifupi. Walipozipiga mionzi seli za damu, za tembo zilijiua karibu mara mbili ya za binadamu. Hazikuwa fundi zaidi wa kurekebisha. Zilikuwa hazibembelezi seli mbovu. Tembo wanaokufa kwa kansa walikadiriwa kuwa chini ya asilimia 5, wakati kwa binadamu ni kati ya 11 na 25.

Inauma ukikumbuka kilichokuwa kinaendelea huku nyumbani. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo 109,000. Kufika 2014 walibaki kama 43,000, na Ruaha ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mwezi uleule wa Oktoba 2015, mfanyabiashara mmoja mwanamke, raia wa China aliyepachikwa jina la "Malkia wa Meno ya Tembo", alifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Mwaka 2019 akala miaka 15 jela.

Yaani wakati maabara za ng'ambo zinahangaika na kijiko cha damu ya tembo wa bustani ya wanyama, huku walikuwa wanaangushwa porini kwa ajili ya meno, na damu yote inamwagika chini.

Wewe mdau unasemaje? Shusha maoni yako hapo chini.