Maji Ukiyavulia Nguo

Mtu atokaye Msamala akaelekea Mahenge, ndani ya mji ule ule wa Songea, hufika mahali ambapo hata mwenye haraka hupunguza mwendo: lipo kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa na Wadachi tarehe 27 Februari 1906, na si mbali nalo lipo kaburi la peke yake la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umerithi jina lake. Kwa nini huyu hakulazwa pamoja na wenziwe? Jawabu la swali hilo lina hekima ambayo Wayunani waliitungia vitabu.

Habari ya vita vyao ilianzia Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, ambako Kinjikitile Ngwale alitangaza kwamba maji ya dawa, yaliyotiwa mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa Agosti 1905, lakini dawa ilikwisha kushika njia hata ikaingia Ungoni. Na Wangoni, wajukuu wa wale waliovuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakayapokea maji wakaenda vitani. Bunduki za rashasha zikanena kinyume cha ahadi.

Kiasi cha karne kumi na nane kabla ya vita hivyo, Epictetus, kiwete aliyezaliwa utumwani akaja kuachwa huru, alisomesha huko Nicopolis hekima ya Wastoa, walioitwa hivyo kwa ukumbi wa nguzo wa Athens alimofundishia Zeno. Alisema kwamba mambo ni mafungu mawili: yaliyo katika amri yetu, kama rai, azma, kuridhia na kukataa, na yasiyo katika amri yetu, kama mwili, mali, cheo na mauti. Alifanyaye fungu la pili kuwa milki yake hana budi kuhuzunika, na alihifadhiye la kwanza hapana sultani awezaye kumtia pingu.

Tukipima kwa mizani hiyo, maji ya Ngarambe yaliahidi kisichokuwa katika amri ya mwanadamu, yaani njia ya risasi. Na ahadi ilipobatilika, wengi wangesema kwamba hapakusalia kitu. Lakini wazee wa Songea husimulia kwamba Wadachi walitaka kumsamehe Nduna Mbano, naye akakataa, akitaka anyongwe kama walivyonyongwa wenziwe. Basi akanyongwa siku chache baada yao, na ndiyo sababu kaburi lake likawa la peke yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye aliyaoga hata baada ya kujua kwamba hayakuwa dawa. Wanaodhani kwamba saburi ya Wastoa ni kuinamisha kichwa tu na watazame hapo, kwani aliyekataa msamaha wa mwenye nguvu hakuinama.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi, akaahidi juhudi ya kulitafuta fuvu la Nduna, ambalo inasimuliwa kwamba lilichukuliwa Ulaya. Kichwa ni katika fungu la mwili, nacho chaweza kukatwa, kusafirishwa na kupotea katika makabati ya watu. Lakini jawabu lililotoka kinywani mwake halikuvuka bahari, lingaliko Songea, nao wazee huwasimulia watoto.