SOMO LA REDIO: MOTOKAA KUUKUU ILIYOSHINDA SAFARI

  Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya motokaa moja kuukuu. Msimamizi wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Afrika Mashariki ukutani. Kila mwanafunzi awe na daftari na penseli yake.

Kwanza niwaambie kwa nini nimelichagua somo hili. Mwezi uliopita nilikwenda kulitembelea darasa moja huko Nyakato. Nilikwenda na motokaa yangu, Peugeot 404 aliyoniachia marehemu baba. Ilinizimikia pale pale langoni, wanafunzi wakatoka kunisukuma. Walipokwisha kunisukuma, mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kitu hiki kimekuzidi umri. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita hapa kila siku na mizani yao. Mbona huwapi?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka, lakini sikuwa na jibu la kumpa. Leo namjibu.

Tazameni ramani. Itafuteni Mwanza, kisha vukeni ziwa kwa kidole mpaka Kisumu. Kutoka Kisumu pandeni kidogo kuelekea mashariki, mtauona mji wa Kericho, penye mashamba makubwa ya chai. Huko Kericho, mwaka 1932, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joginder Singh. Wazazi wake walikuwa Masingasinga wa asili ya Punjab, katika Bara Hindi. Baba yake alikuwa fundi wa motokaa mwenye karakana yake Nairobi, na kijana akaanza kazi humo kwa kuwashikia spana mafundi wakubwa. Neno "karakana" mnalijua: ni mahali pa kufanyia kazi ya ufundi. Liandikeni katika daftari.

Mwaka 1958 Joginder aliajiriwa na chama cha wenye motokaa cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwasaidia watu walioharibikiwa. Fikirini mtu wa kazi ile anaona nini kila siku. Anaona springi zilizovunjika, radieta zilizotoboka, kabureta zilizojaa vumbi. Dereva wa kawaida huiona motokaa yake ikifa mara moja au mbili kwa mwaka. Yeye aliziona zikifa asubuhi na jioni, akajua kila moja imekufa kwa sababu gani. Mwaka uliofuata, 1959, aliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Safari.

Mashindano hayo yalikuwa nini? Yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walitaka kuona ni motokaa zipi za dukani zinazoweza kustahimili barabara zetu. Ndiyo maana katika miaka ya mwanzo motokaa ziligawanywa kwa bei yake dukani, ya bei ndogo ikashindana na ya bei ndogo. Kila motokaa iliondoka kwa zamu yake. Njiani palikuwa na vituo, na katika kila kituo saa ya kufika iliandikwa katika kadi. Aliyechelewa alihesabiwa alama mbaya kwa kila dakika, na mwenye alama mbaya chache kuliko wote ndiye mshindi. Basi hazikuwa mbio za kuonana uso kwa uso kama mbio zetu za mitumbwi. Mtu alishindana na saa, na alishindana na barabara.

Na barabara zenyewe! Mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani majira ya masika. Sisi wa Usukumani hatuhitaji kuelezwa udongo mweusi wa mbuga unakuwaje ukinyeshewa. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unashika gurudumu kama gundi. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84. Zilizorudi ni 7 tu. Mshindi alikuwa Peugeot 404, ndugu yake na hii yangu, na naomba radhi kwa kujisifu kidogo. Tena mwaka 1966 na 1967 Peugeot 404 ilishinda ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa hapa kwetu Tanzania.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo kutoka Uswidi ilileta motokaa zake na madereva wake hodari kushindana katika Safari. Hawakushinda. Moja ya motokaa zile ilibaki Nairobi. Ilikuwa ya aina iitwayo PV544, na ilikuwa imekwisha kupigwa na mawe, matope na mashimo ya nchi tatu. Wenye kiwanda walikuwa wamemaliza haja yao nayo. Joginder na ndugu yake Jaswant wakaichukua. Wakaifungua, wakaitengeneza, wakaifunga tena.

Tena si motokaa ile moja tu iliyokuwa imechakaa. Aina yake nzima ilikuwa imezeeka. Umbo lake lilionyeshwa mara ya kwanza huko Stockholm mwaka 1944, vita vikuu vya pili vya dunia vikiwa havijakwisha. Lilianza kuuzwa mwaka 1947 kwa jina la PV444, likiwa na kioo cha mbele cha vipande viwili. Mwaka 1958 likatiwa kioo kimoja na kubadilishwa jina kuwa PV544. Lilikuwa na mgongo wa mviringo kama wa kobe, wakati motokaa mpya za miaka ile zilikuwa bapa na ndefu. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa kisa chetu, kiwanda kiliacha kuitengeneza kabisa.

Lakini chini ya boneti palikuwa na kitu. Injini yake iliitwa B18. Ilikuwa na silinda nne na ukubwa wa sentimeta za ujazo 1,778, na ile ya mwendo wa kasi ilikuwa na kabureta mbili. Ndani ya kila injini ya namna hii kuna mtaimbo mzito unaozunguka, na mtaimbo huo hulala juu ya vishikizo viitwavyo beringi. Injini nyingi za wakati ule zilikuwa na beringi kubwa tatu. B18 ilikuwa na tano. Mmewaona vijana wakiubeba mtumbwi kutoka majini? Wakiwa watatu, mtumbwi unainama katikati na mabega yanauma. Wakiwa watano, unatulia.

Pasaka ya mwaka 1965, Joginder na Jaswant wakaondoka Nairobi. Motokaa yao ilibandikwa namba 1 ubavuni. Namba ile ina heri yake: wa kwanza hali vumbi la mtu, wala hapiti katika matope yaliyokwisha kuchimbwa na magurudumu ya wengine. Ina shari yake pia, kwa kuwa hana alama ya gurudumu la mtu ya kumwonyesha njia. Hapo ndipo kazi ya mwenzake dereva inapoonekana. Yule anayeketi kando hasinzii. Anasoma ramani, anasoma saa, anapiga hesabu ya maili zilizobaki na dakika zilizobaki, usiku kwa mwanga wa taa ndogo, huku motokaa inaruka mashimo. Akikosea kusoma tarakimu moja, dereva hodari hamfai kitu. Nawaomba mlikumbuke hilo ninyi mnaosumbuka na tarakimu zenu jioni hizi.

Safari ile ilikuwa na urefu wa kilometa 4,800 hivi, yaani maili 3,000. Ndugu wale wawili walirudi Nairobi washindi, mbele ya timu zilizoletwa na viwanda kutoka ng'ambo. Joginder akawa dereva wa kwanza wa asili ya Asia kuishinda Safari. Watu wakampa jina la Simba. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Kwangu mimi kuna hesabu inayopita hata ushindi huo: aliingia Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Rudieni kuiangalia ile hesabu ya mwaka 1963, motokaa 7 kati ya 84, kisha muione 19 kati ya 22. Watu husema ni bahati. Mimi sikubali. Mtu aliyeifunga motokaa kwa mikono yake anaisikia inapoanza kulalamika, naye hupunguza mwendo kabla haijavunjika. Joginder alifariki London mwaka 2013.

Msimamizi, zima redio kwa dakika tano. Darasa lijadiliane: ni chombo gani nyumbani kwenu ambacho ni kikuukuu lakini bado kinafanya kazi, na nani anayekitunza?

Haya, tuendelee. Injini ile ya B18 ina kisa kingine, nacho ni cha mwalimu. Huko New York, Marekani, mwalimu wa sayansi aitwaye Irv Gordon alinunua motokaa mpya mwaka 1966. Ilikuwa Volvo P1800, motokaa ya starehe na mwendo, ya milango miwili, fupi, iliyolala chini. Injini yake ni B18 ile ile. Bwana Gordon aliipenda, akawa haachi kuiendesha. Mwaka 2013 saa ya maili ikatimiza maili milioni 3, zaidi ya kilometa milioni 4.8, na hakuna mtu mwingine aliyejulikana kuendesha motokaa moja umbali kama huo. Aliipata wapi siri yake? Alikisoma kijitabu kilichokuja na motokaa, akafanya kilichoandikwa. Kilisema badili oili, akabadili. Alifariki mwaka 2018, akiwa ameikaa na motokaa moja miaka 52.

Mimi kijitabu cha baba nilikikuta kimeliwa na panya. Kwa hiyo ninajiandikia changu. Tuandike pamoja mfano wake, taratibu: "Tarehe 4 Machi. Nimebadili oili ya injini. Saa ya gari inasoma 61,240." Mstari wa pili: "Tarehe 9 Machi. Nimesafisha chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu." Mwenye baiskeli aandike cheni na breki. Mwenye mashine ya mtumbwi aandike plagi na oili. Mwenye cherehani kadhalika. Baada ya miezi sita utafungua daftari, utaona mwenyewe kitu fulani huharibika kila baada ya muda fulani, nawe utakiwahi.

Sitawaficha kwamba motokaa kuukuu inakula fedha. Kwangu nyumbani kuna sheria: ada za watoto kwanza, chakula, dawa, ndipo Peugeot. Kuna miezi inakaa chini ya mwembe bila kuguswa, na kukaa ndiko kunakoiua. Petroli inakauka ndani ya kabureta na kuacha utando kama ulimbo, betri inalala, matairi yanapata bapa upande mmoja. Afadhali niiwashe na kuizungusha mtaani kila Jumamosi. Masika ikipita naosha matope yaliyoganda chini, maana tope hushika maji na maji huleta kutu, na motokaa isiyo na fremu ya pembeni, bodi yake ikioza imekwisha. Vipuri vya dukani ni haba. Bushi hukerezewa na fundi wa mashine ya kukereza vyuma, na mpira huu na ule tunaukata kutoka tairi la lori. Fundi mmoja, simtaji jina, aliwahi kunifungia gaskiti ya karatasi ya boksi akaniambia ni ya dukani. Tulifika Usagara tu, maji yakachemka. Siku ile ndipo niliponunua spana zangu mwenyewe.

Nchini Kenya, tangu mwaka 2003, yamekuwako mashindano maalumu ya Safari kwa motokaa za zamani, na baadhi ya miaka njia yake imeingia hata Tanzania. Vyuma ambavyo mizani ya chakavu ingevinunua kwa kilo vimekimbizwa tena porini, na watu wametoka vijijini kuvitazama.

Kwa juma lijalo kila kikundi kiandike mistari mitano juu ya chombo kimoja kikuukuu: kilinunuliwa mwaka gani, nani alikitumia kwanza, kimeharibika mara ngapi, na nani alikitengeneza. Waulizeni wazee wa nyumba, majibu wanayo. Asiyeweza kuandika mistari mitano aandike miwili, mwenzake amsaidie herufi.

Nawe mzee wangu wa Nyakato, kile kilichoizima motokaa langoni kwenu kilikuwa punje ya uchafu ndani ya jeti ya kabureta, ndogo kuliko mbegu ya mtama. Nimeitoa. Alhamisi nitakuja tena darasani, na safari hii nitaegesha kwenye mteremko. Kwaherini.