Ufungaji wa mitambo mizito kwenye trela

Ufungaji wa mitambo mizito kwenye trela ni kazi ya kuibana mashine kama katapila, greda, rola au kijiko (mashine ya kuchimbia) juu ya trela ili isiteleze, isipinduke wala isidondoke njiani. Nchini Tanzania kazi hiyo huonekana sana Morogoro Mjini, kwa sababu barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya kwenda Dodoma huachana eneo la Msamvu. Mitambo inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kuelekea Iringa, Mbeya, Zambia au Kongo hupita hapa. Ujenzi wa reli ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ulioanza mwaka 2017, na mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa vimeongeza safari za namna hiyo mkoani.

Aina za trela

Trela bapa lina sakafu iliyonyooka juu ya magurudumu, kimo cha takriban mita 1.5 kutoka ardhini. Linafaa kwa trekta, rola ndogo, vyuma na mabomba. Lobedi lina sakafu iliyoshushwa chini sana, mara nyingi chini ya mita moja, na shingo iliyoinuka upande wa kichwa cha gari. Kwa kuwa sakafu iko chini, mashine ndefu hupita chini ya nyaya na madaraja, na kitovu cha uzito nacho hushuka, hivyo gari halipinduki kwa urahisi kwenye kona. Kupakia kijiko cha tani 20 kwenye trela bapa kwa sababu tu lobedi halikupatikana siku hiyo ni kujitafutia ajali.

Nguvu zinazousukuma mzigo

Watu wengi hudhani mashine nzito haiwezi kusogea kwa sababu ya uzito wake. Ukweli ni kinyume: kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyosukuma kwa nguvu zaidi gari linapopunguza mwendo. Kanuni za Marekani na za Ulaya hutaka mzigo uzuiwe dhidi ya nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele, na 0.5 kuelekea nyuma na ubavuni. Kwa mashine ya tani 20, breki ya ghafla huisukuma mbele kwa nguvu sawa na uzito wa tani 16.

Sehemu ya nguvu hiyo huzuiwa na msuguano. Chuma juu ya chuma kikavu kina msuguano wa takriban 0.2, yaani tani 4 tu. Tani 12 zinazobaki ni za minyororo. Ikiwekwa mikeka ya mpira yenye msuguano wa 0.6, msuguano hubeba tani 12 na minyororo hubakiwa na tani 4. Tope la Uluguru likiwa limeganda kwenye minyororo ya katapila, hata hiyo 0.2 haipatikani. Ndiyo maana mashine inayotoka Mgeta wakati wa masika husafishwa kwanza, kisha hupakiwa.

Pembe ya mnyororo nayo ina hesabu yake. Mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 80, kwa kipimo cha Ulaya, hubeba tani 6.3 ukivutwa moja kwa moja. Ukifungwa kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka sakafuni, nguvu inayozuia mtelezo hushuka hadi karibu tani 4.5. Minyororo miwili inayovuta kuelekea nyuma hutoa basi karibu tani 9, ambazo hazitoshi kwa zile 12, lakini zinatosha na kuzidi kwa zile 4. Mnyororo uliosimama wima hukandamiza tu.

Namna ya kufunga

Mashine huwekwa mahali ambapo uzito wake unagawanyika vizuri juu ya ekseli. Kijiko, jembe au mkono hushushwa hadi sakafuni na kufungwa peke yake, breki huvutwa, na injini huzimwa. Mashine yenye kiungo katikati, kama baadhi ya greda, hufungwa pini ya kiungo; kijiko hufungwa kisizunguke. Kabari huwekwa kwenye magurudumu.

Kanuni za Marekani hutaka mashine yenye kilo 4,536 au zaidi ifungwe kwa vifungo visivyopungua vinne, na jumla ya uwezo wa vifungo vyote iwe angalau nusu ya uzito wa mzigo. Minyororo hushikizwa kwenye matundu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwenye bomba la haidroliki wala ngazi ya dereva. Kamba ya katani, zao ambalo Morogoro inalifahamu vizuri, inafaa kwa magunia lakini hurefuka ikivutwa na huoza ikilowa, haifungi katapila. Mikanda ya nailoni hukatwa na kingo kali.

Hatari kubwa kwa utingo ni wenzo wa kukazia mnyororo. Ukiongezewa kipande cha bomba ili uwe mrefu, unaweza kuruka na kumvunja taya au mkono. Kifaa cha kukazia kwa parafujo ni cha polepole zaidi lakini hakirudi kwa kishindo.

Safarini

Minyororo hulegea baada ya kilometa chache za kwanza, kwa kuwa mashine hujikalia na udongo hudondoka. Marekani hutaka dereva akague kabla ya kilometa 80 za mwanzo kupita. Kwa gari linalotoka Dar es Salaam, kusimama Chalinze na tena Morogoro ni jambo la busara, kwani mbele kuna matuta ya Hifadhi ya Mikumi na baadaye mpando na kona za Kitonga. Kutoka upande wa Iringa, ukaguzi hufanywa kabla ya kushuka Kitonga; ukiwa katikati ya mlima hakuna pa kuegesha.

Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania tangu 2019, uzito wa gari na mzigo wake hautakiwi kuzidi tani 56 bila kibali maalumu. Mzani hupima uzito. Haupimi kama mnyororo umekazwa.