Saa ya Mpiga Mbizi kama Ushahidi wa Kihistoria: Nakivale na Mbarara

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Tuchukulie kwamba saa kuukuu ya wapiga mbizi, yenye jina lisilojulikana, inafikishwa kwa fundi wa Mbarara pamoja na masimulizi kuwa babu alivuka nayo mpaka mwaka huo. Jina halisaidii sana, kwani kampuni nyingi ndogo za Uswisi zilinunua mitambo kwa watengenezaji walewale. Fundi akiufungua mfuniko, huikuta chini ya gurudumu la mizani nembo ya mtengenezaji, kama vile AS au ETA, na namba ya mtambo. Maandishi "T SWISS T" usoni, upande wa chini, yanaashiria tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu katika miaka ya 1960. Uso huo, basi, ni wa baada ya 1959.

Na babu je? Uso hubadilishwa (mafundi hufanya hivyo mara kwa mara), na saa hununuliwa ukimbizini. Afisa anayepima dai la hifadhi anaweza kuandika umri wa uso; safari ya mwenye saa itafutwe kwingine.