Pijo ya Mjomba na Majaji wa Ngong

Siku moja kila mwaka, mara nyingi Septemba, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, hupokea magari yasiyokimbia. Hupangwa kwenye nyasi, boneti juu, na majaji huinama kuchungulia chini wakitafuta tope na oili. Haya ni mashindano ya Africa Concours d'Elegance, jina la Kifaransa linalotaja umaridadi. Yalianzishwa mwaka 1970 na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo nchini Kenya.

Mwaka huohuo Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa Datsun. Nazitaja pamoja makusudi: Safari, iliyoanza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilikuwa ya kuliponda gari, Concours ni ya kulifuta vumbi. Zote mbili, tuseme ukweli, zilikuwa starehe ya wenye nafasi.

Hata hivyo Concours ina jambo ninaloliheshimu. Bei pekee haikupi ushindi. Alama ni za hali na usafi, kuanzia injini na viti hadi kule chini ambako wengi wetu hatujawahi kutazama. Kigari cha kawaida kilichotunzwa kinaweza kulipita la kifahari lenye kutu.

Mimi nikifika huko huwa natafuta Peugeot 404. Bert Shankland, aliyetoka Tanzania, alishinda nayo Safari mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1968 yalimaliza magari saba tu, na la kwanza lilikuwa 404 tena. Lakini abiria wa Kenya hawakuijua kwa vikombe. Waliiita Pijo, wakabanana ndani yake na kuku na magunia.

Marehemu mjomba wangu, fundi wa jua kali, alikuwa na pick-up ya aina hiyo. Mlango mmoja ulikuwa wa bluu, mwingine mweupe. Springi alizichomelea mwenyewe, na kipuri kilichokosekana dukani alikichonga. Jaji angeanza kumkata alama kabla hajafika kwenye injini, na kwa kanuni zake angekuwa na haki. Gari lilipochoka kabisa lilikatwa kwa gesi, likauzwa kwa kilo.

Hapo ndipo roho huniuma. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Pijo inayoyeyushwa leo si rahisi kupata mrithi. Zinazobaki ni zile zilizopumzishwa mapema. Zilizofanya kazi zimekwisha, na ujuzi wa kuzifufua unazeeka pamoja na mafundi.

Ningekuwa na sauti katika klabu hizo, ningeomba kitu kimoja: kando ya kila gari, mwenyewe asimame na fundi wake, na fundi ndiye aeleze kila kipuri alikitoa wapi.